Ndege Nyuma ya Sikio Langu

Kama gazeti la wiki iliyopita lilikwenda kufungia vyombo kabla hujalisoma, hujakosa kitu isipokuwa hasara. Mimi ni fundi wa miwani, nina miaka hamsini na minne. Mwaka juzi mimi na shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, fundi magari, tulinunua ndege.

Ndege kweli, si ya kuchezea. Viti viwili, pangaboi moja mbele, mtumba, na bei yake haikufika ya gari jipya la familia. Aliyetuuzia ni mpima ardhi mstaafu. Siku anatukabidhi funguo alitutazama kama mtu anayeozesha binti kwa ukoo asioujua. Tukaiita Panzi, kwa sababu inaruka, inatua, inapumzika. Zaidi inapumzika.

Mmeshasoma jinsi nyigu walivyojenga ndani ya kijibomba cha kupimia mwendo, tukawa hewani huku saa ya mwendo ikituambia tumesimama. Mmesoma upepo ulivyoondoka na paa la banda. Mmesoma pia mke wangu alivyoapa kwamba hatapanda chombo ambacho mlango wake unafungwa kwa kitasa cha kabati.

Wengi mmeniandikia kunipa pole. Mmoja akasema mimi ni mtu wa mikosi tu, nikaoge maji ya chumvi.

Wiki hii naona niwarudishie pole zenu. Yale yote yalikuwa mikosi. Hili nililifanya mwenyewe.

Lilianza dukani, mchana, siku isiyo na wateja. Nilikuwa najaribu lenzi, nimefumba jicho la kulia, nikaelekeza la kushoto kwenye kalenda ukutani. Nikaikodolea Alhamisi. Jumatatu na Jumanne hazikuwepo.

Nikafumbua la kulia, zikarudi. Nikafumba, zikaondoka.

Kinyozi hajinyoi, wanasema. Miaka ishirini na mitatu nimepima macho ya watu, nimewaambia akina mama wakubwa waende hospitali kabla mambo hayajaharibika, na langu likawa linaliwa polepole kama nguo kabatini.

Nilikwenda kwa daktari wa macho mji mwingine, ambako hakuna anayenijua. Alinikagua kwa muda mrefu bila kusema neno. Mimi najua maana ya ukimya huo. Huwa nautumia.

"Presha ya macho," alisema. "La kulia liko salama. La kushoto limeliwa pembeni. Katikati bado unaona vizuri, ndiyo maana hukushtuka mapema."

"Litarudi?"

"Kilichokwenda kimekwenda. Matone haya ni ya kulinda kilichobaki. Kila siku, bila kukosa."

"Na ndege?"

Akacheka, akidhani namtania. Kisha akaona uso wangu, akaacha kucheka.

"Ndege hapana. Nenda kwa wanaokupa leseni, uwaambie, wakuchunguze wenyewe. Mpaka watakapokuandikia, kaa chini."

Nikasema nimesikia. Na kweli nilisikia.

Wiki tatu baadaye cheti changu cha afya cha urubani kikawa kinaisha. Nikaenda kwa daktari wa marubani, mzee mchangamfu ambaye chumba chake kina kiti kimoja kizima na kingine cha kuwekea mafaili. Akanipa fomu. Swali la tisa: Je, umewahi kuambiwa una ugonjwa wowote wa macho?

Nilikaa na swali la tisa muda mrefu kuliko maswali mengine yote. Nikatia alama kwenye Hapana.

Kalamu haikuvunjika.  Watu husema uongo unauma kooni. Huu ulikuwa alama ndogo tu ya wino, na ulipita kama maji.

Chati ya herufi haikunisumbua, kwa kuwa katikati naona. Ikabaki kidole. Daktari hukaa mbele yako, unafumba jicho moja, unamtazama puani, naye analeta kidole kutoka pembeni. Ukikiona, unasema.

Mimi jambo hilo nalifanya kila siku. Najua kwamba mkono hauwezi kusogea bila bega kusogea. Sikukitazama kidole. Nilitazama bega lake. Lilipoanza kurudi ndani, nikasema, "Nakiona."

"Safi," akasema. "Macho ya kijana."

Akagonga muhuri. Nikatoka na cheti cha miaka miwili, na nje nikasimama kwenye ngazi nisijue nielekee wapi, kama mtu aliyeshinda kesi aliyostahili kushindwa.

Nikaendelea kuruka.

Msiniulize kwa nini. Mke wangu ameshaniuliza, na jibu sina la maana. Mimi kazi yangu ni chumba cha hatua nne kwa tano chenye pazia jeusi. Huko juu hakuna pazia. Hilo tu.

Sasa, msiba.

Binti yetu, ambaye alikuwa amekuja kwetu majuma mawili kupumzika na mimba yake, alikuwa amerudi kwa mumewe, na nyumba ilikuwa kimya. Jumamosi asubuhi mke wangu aliweka kikombe mezani akasema, "Leo nipeleke."

"Wapi?"

"Huko juu kwenu. Nikamwone huyo mke mwenzangu."

Miezi kumi na minane nilikuwa namwomba. Nilikuwa nimeshachoka kuomba, nimeacha. Sasa anakuja mwenyewe, amevaa viatu vya kufunga, amejifunga kitambaa kichwani.

Hapo ndipo ningesema. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Nikasema, "Haya, twende."

Kiwanjani alikipangusa kiti kwa leso kabla hajakaa. Nilimfunga mkanda. Akauvuta mara mbili kuona kama unashika, halafu akaushikilia kwa mikono yote miwili mpaka tulipokuwa juu ya mapaa.

Kisha akaachia.

"Nyumba yetu iko wapi?"

"Pale. Ile yenye bati la bluu, karibu na tangi la maji."

Akaitafuta, akaipata. "Mbona ndogo hivyo?"

"Ndivyo ilivyo."

"Na mimi nimeifagia miaka ishirini na sita nikidhani kubwa."

Akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka hivyo tangu kabla ya Panzi, labda hata kabla ya duka. Tulizunguka nusu saa. Akanionyesha shule aliyosoma, soko, barabara inayojengwa tangu watoto wetu wakiwa wadogo. Nilikuwa na raha, na ninaandika hapa kwamba nilikuwa na raha, maana ndiyo ilikuwa ya mwisho.

Kwenye kiwanja chetu ndege huzunguka kwa mkono wa kulia, kwa sababu upande wa pili kuna nyaya za umeme mkubwa. Kwa hiyo unapokaribia kukata kona ya mwisho, uelekee njia ya kutua, kitu kinachotoka mbali kimenyooka kitakuja upande wako wa kushoto.

Nilisema kwenye redio kwamba naingia. Hakuna aliyejibu. Nikatazama kushoto.

Nasema nilitazama, lakini ni shingo iliyotazama. Iligeuka nusu, kama ilivyozoea miaka yote jicho lilipokuwa zima. Anga lilikuwa tupu. Nikaanza kukata kona.

Mke wangu hakuwa anatazama njia. Alikuwa ananitazama mimi. Baadaye aliniambia alikuwa anafikiri, kumbe huyu mtu bado anajua kutabasamu.

"Kuna ndege nyuma ya sikio lako," alisema.

Alisema taratibu, kama mtu anayekuambia umebakiza povu la sabuni. Nikadhani anasema kunguru.

Nikageuza kichwa kizima.

Ilikuwa nyeupe, na ilikuwa imejaa dirishani. Niliona mtu ndani yake, mdomo wazi. Nikasukuma mafuta yote, nikaivuta Panzi juu na kulia, na Panzi, ambayo siku zote hulalamika, safari hiyo haikulalamika. Ile nyingine ikapita chini yetu. Nilisikia mngurumo wa injini isiyo yangu.

Tukazunguka upya. Nikatua. Nilitua vizuri, hilo ndilo linalonichosha zaidi. Nilitua kama mtu anayejua kazi.

 Mke wangu alifungua mkanda, akashuka, akaenda akakaa kwenye kiti cha mbao nje ya banda, akavua kitambaa, akakikunja mara nne.

Ile ndege nyeupe ilikuwa ya shule ya urubani, na aliyekuwa ndani ni Mwalimu.

Huyu Mwalimu ndiye aliyenifundisha mimi, na sasa anamfundisha shemeji. Ana miaka sitini na minane. Mkewe alikwisha kufariki, watoto wake wako mbali, na kwake ni chumba nyuma ya ofisi ya shule, kitanda, jiko dogo, na picha za wanafunzi wake wote ukutani. Kwa umri wake wanamruhusu kufundisha kwa masharti: kila mwaka apimwe, na asiwe na kosa. Kosa moja la aina hii, basi.

Nilimwona anakuja akitembea, kofia mkononi. Nikajiandaa. Nilijua atanifokea mbele ya watu, na nilikuwa nashukuru. Nilitaka nifokewe.

Akafika, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Miwani," alisema, maana ndivyo wanavyoniita kiwanjani, "nisamehe."

Hakuniachia mkono.

"Nilikuwa nimepunguza sauti ya redio ili mwanafunzi anisikie. Nikaingia moja kwa moja bila kuzunguka. Mimi. Baada ya miaka arobaini ya kuwakataza wengine. Nimekaribia kumwua mke wako."

"Mwalimu..."

"Usinifariji. Umri umefika. Leo hii naandika ripoti mwenyewe, naipeleka kwa mkaguzi wa usafiri wa anga kabla hajaisikia kwa mwingine."

Kosa lile lilikuwa na miguu miwili. Mmoja ulikuwa wake, ni kweli. Lakini anga lilikuwa safi, ndege yake nyeupe pe, kubwa kama nyumba, na mtu yeyote mwenye jicho la kushoto angeiona tangu ikiwa mbali kama nzi.

Hayo nilikuwa nayajua wakati ameshika mkono wangu.

"Yameisha, Mwalimu," nilimwambia. "Hakuna aliyeumia. Yameisha."

Macho yake yakajaa machozi. Akanishukuru. Naomba msome tena hapo: alinishukuru.

Jumapili duka hatufungui. Mke wangu, ambaye ndiye anayekaa mapokezi, alichukua funguo baada ya chakula cha mchana akasema, "Nisindikize dukani."

"Kuna nini?"

"Nimesahau kitu."

Tulipoingia akafunga mlango kwa ndani, akavuta lile pazia jeusi.

"Kaa," akasema, akionyesha kiti cha wateja.

"Mama, hebu..."

"Kaa, mume wangu."

Nikakaa. Kiti kile nimewakalishia watu maelfu. Sikujua kuwa kinabana kiunoni.

"Fumba jicho la kulia. Tazama ile herufi kubwa juu, usihamishe. Ukiona kidole changu, sema."

Nikangoja asimame mbele yangu, nitafute bega. Hakusimama mbele. Miaka yote ameniona nikiwapima watu, na watu wakinidanganya kwa macho. Alikwenda akasimama nyuma ya kiti.

Nikatazama herufi. Nilisikia saa ya ukutani. Nilisikia pumzi zake juu ya kichwa changu.

Nikangoja.

"Umeanza?" nikauliza.

 Ndipo nikakiona kidole. Kilikuwa tayari mbele ya shavu langu, karibu na pua.

"Kilianzia sikioni," alisema. "Nimekipitisha polepole. Nimehesabu mpaka kumi na tano."

Nikafumbua macho yote mawili. Akaja mbele, akakaa kwenye kile kigoda changu cha magurudumu, magoti yake yakagusana na yangu.

"Tangu lini?"

"Miezi minne."

"Daktari kakuona?"

"Kaniona."

"Akasema nini kuhusu kuruka?"

Nikamwambia. Nikamwambia na fomu, na swali la tisa, na bega la daktari. Nilipofika kwenye bega alifunga macho.

"Kwa hiyo jana," alisema, "uliponifunga mkanda ule, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Na Mwalimu alipokushika mkono."

"Nilikuwa najua."

Mwanamke mwingine angepiga kelele. Wangu alinyanyuka akachukua kitambaa cha kufutia lenzi, akaanza kufuta kioo cha kabati kilichokuwa safi tayari. Akafuta muda mrefu.

"Sina nguvu ya kukukasirikia leo," alisema, mgongo ukiwa kwangu. "Nitakukasirikia baadaye. Hicho kikao alichoitiwa Mwalimu na mkaguzi ni lini?"

"Jumatano. Saa tatu asubuhi."

"Basi Jumatano saa tatu tutakuwa pale."

Jumanne shemeji akaniita bandani. Dada yake alikuwa amemweleza. Nilimkuta amelala kwenye turubai chini ya Panzi, anafuta mafuta tumboni mwake, miguu tu ndiyo iliyokuwa nje.

"Shemeji," ilisema miguu, "kweli unakwenda?"

"Nakwenda."

Akatoka uvunguni, akakaa chini, akaegemea gurudumu. Alikuwa na grisi mpaka kwenye kope.

"Sikiliza bila kunikatiza. Mwalimu ana miaka sitini na minane. Mwakani au mwaka unaofuata wangemstaafisha. Ameshakubali mwenyewe. Ukifungua mdomo wewe, wanafunga leseni yako, wanaifunga Panzi kwa uchunguzi, hatujui miezi mingapi. Bima wakisikia habari ya fomu, ndiyo kwaheri. Mimi nimebakiza saa kumi na mbili nipate leseni. Kumi na mbili tu."

"Najua."

"Hujui. Wewe unafanya kazi umekaa. Mimi tangu nina miaka kumi na saba naishi uvunguni. Dunia yangu ni ekzosi za watu. Siku ya kwanza Mwalimu aliponipa usukani, nikaangalia chini nikaona magari barabarani, madogo, juu yake. Juu ya gari, shemeji. Nilikuwa sijui juu ya gari pakoje."

Akafuta grisi kwenye kope kwa mkono wa shati.

"Acha kuruka," alisema. "Hilo nakubali. Mimi nitakuwa nakupeleka. Ila kaa kimya. Mzee aende na kosa dogo, sisi tubaki na ndege."

Nitasema ukweli: nilitamani. Lilikuwa shauri zuri. Halikuwa na mwanya ila mmoja, nao ulikuwa mzee anayelala chumba cha nyuma ya ofisi, anapanga picha zake kwenye maboksi.

"Kesho nitakwenda," nikasema.

Akachukua kitambaa chake.

"Basi usije tena hapa mpaka nikuite," alisema, akarudi uvunguni.

Jumatano tulifika saa mbili na nusu. Ofisi ya mkaguzi iko ghorofa ya pili, korido ndefu yenye rangi ya kijani iliyobabuka, na feni inayozunguka bila kuleta upepo. Mwalimu alikuwa ameshaketi, amevaa shati jeupe lenye mikunjo ya pasi. Alipotuona akasimama.

"Mmekuja kunitetea," alisema. "Msingejisumbua."

Mke wangu akainamisha kichwa. Mimi nikatazama feni.

Mkaguzi ni mwanamke wa makamo, mpole wa sauti, miwani yake imelegea mkono wa kulia. Vidole vyangu viliwashwa kuikaza. Alikuwa na ripoti ya Mwalimu mbele yake, kurasa tatu za mwandiko safi.

"Mwalimu ameeleza kila kitu na amekubali kosa," alisema. "Hili halitachukua muda. Nyinyi mna la kuongeza?"

"Mimi ninalo," nikasema.

Nikatoa leseni, nikaiweka mezani. Nikatoa cheti cha afya, nikakiweka juu yake. Nikatoa na chupa ya matone, sijui kwa nini, nikaiweka pembeni kama mtu anayepanga bidhaa. Kisha nikasema. Nilisema mfululizo, bila kupamba, kalenda, daktari, swali la tisa, bega, kona ya mwisho. Ilichukua dakika nne au tano. Miezi minne ya kujificha, na kuieleza kote ni dakika tano.

Nilipomaliza, mkaguzi alikuwa ameacha kuandika.

Mwalimu ndiye aliyezungumza kwanza. Hakuwa amenyanyua sauti.

"Nilikuomba msamaha."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Nilikushika mkono. Ukaniambia yameisha."

"Ndiyo."

"Siku nne nimelala na sura ya mkeo mbele yangu. Naamka nasema, mzee, ungeua mama wa watu. Siku nne." Akaichukua kofia yake mezani, akaitazama ndani. "Mimi nilikufundisha kugeuza shingo yote, Miwani. Somo la pili. Jicho si lako kulilaumu, liliumwa. Shingo ilikuwa nzima."

Akamgeukia mkaguzi. "Kosa langu la redio liko palepale. Silifuti. Lakini lake sasa abebe yeye."

Akatoka. Nilisikia hatua zake koridoni, za mtu asiye na haraka wala pa kwenda.

Nikadhani yamekwisha. Nilihisi uchovu mzuri, ule wa mtu aliyetua mzigo. Nikaanza hata kufikiri kwamba tukifika nyumbani nitalala.

"Bado kidogo," alisema mkaguzi. "Kitabu cha safari mmekuja nacho?"

Mke wangu ndiye aliyekuwa nacho kwenye mkoba. Akakitoa, akakifungua mezani. Kila safari ya ndege huandikwa humo, tarehe, muda, rubani, abiria. Ni sheria, na mimi sheria hiyo sijawahi kuivunja. Ya kuandika siivunji.

"Daktari alikuambia tarehe ngapi?"

Nikamtajia.

Akapitisha kalamu juu ya mistari. "Tangu hapo umeruka mara sita. Nne peke yako. Ya sita na mke wako, ndiyo hii ya Jumamosi." Kalamu ikasimama. "Na hii ya tano, wiki mbili zilizopita, dakika arobaini. Huyu abiria ni nani?"

Mke wangu akavuta kiti karibu. Akainama asome. Ni mwandiko wangu, herufi kubwa, wino mweusi, hauhitaji miwani.

Lilikuwa jina la binti yetu.

Binti yetu ana mimba ya miezi sita. Kabla ya hii zimetoka mbili. Mama yake alimleta kwetu ili amzuie hata kuinua ndoo. Alimwogesha, alimkandakanda miguu, alimkataza ngazi. Na mchana mmoja, mama akiwa dukani, mimi nilimpeleka hewani.

Mke wangu alilisoma jina mara mbili. Alipoinua uso, hakuwa na hasira. Alikuwa amezeeka.

"Alijua?" aliuliza.

"Nini?"

"Habari ya jicho. Wakati anapanda, mwanangu alijua?"

Mkaguzi naye akangoja, kalamu juu ya karatasi, kwa sababu abiria anayejua na akanyamaza naye huandikiwa kosa.

Alijua. Alikuwa wa kwanza kujua, kuliko mtu yeyote nyumbani. Alizikuta chupa za matone mfukoni mwa koti langu, akasoma maandishi, akanifuata uani nikiwa naanika nguo. Hakunisemea kwa mama yake. Alilia, kisha akafuta machozi, akasema, "Ruka mara moja ya kuiaga, baba, kisha uiache. Lakini huendi peke yako. Mimi nitakaa nitazame upande wako wa kushoto."

Na alitazama. Dakika arobaini, mkono mmoja tumboni, ananiambia, "Kushoto pako wazi, baba. Kushoto pako wazi." Tulipotua nilimwapia kwamba ndiyo ya mwisho.

Nilikuja ofisi ile kusema kweli yote. Nilikuwa nimeshasema yangu. Hii haikuwa yangu peke yangu.

"Nimekuuliza," mke wangu alisema. "Mtoto alijua?"